Magugu ya Bi. Jaha

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi. Jaha Abdulkadiri wa kitengo chetu cha uboreshaji wa mbegu za nafaka anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Aliajiriwa mwaka 1991, binti mwembamba kutoka Kondoa, na tangu siku hiyo hajawahi kukubali kwamba chai ya ofisini ina sukari ya kutosha.

Kazi yake ilikuwa mtama. Mapema kabisa aliona jambo lililomkosesha raha: mbegu bora tulizowapa wakulima wa Chemba na Mvumi zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Ugonjwa ukimpata mmoja, unawapata wote. Akaamua kuzitafutia damu mpya kwenye mtama pori, ule unaojiotea kando ya mashamba, punje zake hazina faida kwa mlaji, lakini jua likikaza wenyewe unabaki kijani. Aliupanda kituoni kwa mistari, akautilia mbolea. Wapita njia walimwonea huruma.

Machi 2009 mama yake, Bi. Mwanaidi, alikuja kumtembelea. Siku hiyo Jaha alikuwa mkutanoni mjini. Mama alipoona shamba la mwanawe lilivyojaa magugu, aliona aibu, akaazima jembe kwa mlinzi. Kufikia adhuhuri mtama pori wote ulikuwa umeng'olewa na kupewa mbuzi wa jirani. Ilikuwa kazi ya miaka sita.

Jaha aliporudi alimkuta mama amekaa, amechoka, anangoja kusifiwa. Akamshukuru, akamnawisha mikono, akamtengea chakula. Kisha akaenda nyuma ya ghala akalia.

Yalikuwa yamebaki masuke matatu tu ya mtama wa kawaida, ambayo alikwisha kuyachavusha kwa mtama pori na kuyafunika mifuko ya karatasi. Mama hakuyagusa, alidhani yanaumwa. Kwa masuke hayo Jaha alianza upya, akipanda na kuchagua msimu baada ya msimu, nasi tukila ugali wa majaribio ambao mwingine, tuseme ukweli, tuliumeza kwa heshima yake. Mwaka jana mbegu yake iliidhinishwa. Leo imo mashambani Chemba, na jua la Februari halikuitisha.

Miaka yote hiyo hakumwambia mama yake. Mwezi uliopita alimpelekea unga wa mtama huo. Mama akala, akausifu, akauliza mbegu imetoka wapi. Ndipo Jaha akamweleza yote. Bi. Mwanaidi akasema angeambiwa siku ile ile, angewafuata wale mbuzi. Kesho yake akamkatia mwanawe kipande cha shamba lake.

Bi. Jaha, asante kwa uvumilivu wako, na kwa kutulisha hata pale tulipokunja uso. Nenda Kondoa ukapumzike, Mungu akupe afya na mvua za wakati wake. Ukitaka kupanda magugu yako kwenye kipande hicho, panda bila wasiwasi: mama ametuahidi kwamba safari hii atauliza kwanza.