Nilikuwa Nangoja Majirani Waje

Nawasalimu nyote, ninyi wa viti vya mbele na ninyi mliofika sasa hivi na matope miguuni. Mama mwenyekiti ameniomba niseme kidogo. Mimi si mtu wa kusimama mbele za watu, na shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo Kiswahili changu mtakivumilia.

Wengi wenu mnanijua nikiwa na kazi yangu na nyumba yangu hapa mjini. Ndugu zangu, mimi nilikuja Kisii miaka michache baada ya uhuru, kutoka upande wa Nyamira, nikiwa na watoto watatu ambao sikuwazaa. Walikuwa wadogo zangu.

Baba alitangulia, mama akafuata. Baada ya mazishi wazee walikaa kugawa watoto. Mvulana aende kwa amu mmoja, msichana aende kwa shangazi kule Keumbu, na yule kitinda mimba akae kwa nyanya, ambaye macho yalikuwa yamekwisha. Siwalaumu. Chakula kilikuwa kidogo kila boma. Lakini mama, siku zake za mwisho, alinishika mkono akaniambia nisiwaache hawa watoto watawanyike. Na mimi nilikuwa nimeshaahidiwa kazi ya kufua katika hospitali moja hapa mjini. Nikamwambia baba mdogo kwamba nitaenda nao.

Alinitazama mimi, akawatazama watoto. Kisha akasema, "Nenda. Lakini siku nitakayokuja nikute hata mmoja analia na hakuna mtu wa kumshika, nitarudi nao wote."

Maneno hayo nilikuja nayo mjini kama mzigo mwingine juu ya mizigo.

Tulipata chumba kimoja kwenye nyumba za mstari, milango imetazamana, uwanja mdogo katikati. Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi mliotoka nyumbani juzi. Kwetu mtu akihamia, majirani ndio humwendea. Huyu analeta kuni, yule analeta kaa la moto kwenye kigae, mwingine analeta mboga, na moto wa kwanza wa mgeni unawaka kwa moto wao. Mgeni yeye hutulia. Mgeni anayezunguka milango ya watu kabla hajatembelewa, watu huanza kuulizana anatafuta nini, na mnajua kwetu swali hilo huishia kwenye uchawi. Kwa hiyo mimi nilifagia chumba, nikapanga mafiga, nikawakalisha watoto, tukangoja moto.

Hakuna aliyekuja. Tulikula ndizi za njiani, baridi, tukalala. Kesho yake nikanunua kiberiti, na nilipokiwasha machozi yalinitoka, nikawaambia watoto ni moshi.

Nikajiambia kwamba watu hawa hawatutaki. Basi na mimi nikajifunga. Nikipita uwanjani natazama chini. Mama mmoja wa mlango wa pili, mtu wa Tabaka kule wanakochonga mawe, alikuwa anashinda nje akisugua mabakuli ya mawe kwa msasa na maji, mikono myeupe kwa vumbi. Nilikuwa nampita asubuhi na jioni kama nguzo. Baadaye nilijua walichokuwa wakisema. Wengine walisema nina kiburi cha hospitali. Wengine walisema watoto ni wangu wote, mpaka mmoja akauliza, "Kwani huyu alianza kuzaa akiwa darasa la ngapi?" Cheka tu, mama, hata mimi sasa nacheka.

Kazini nako mambo hayakuwa laini. Shuka za hospitali si nguo za nyumbani. Siku za kwanza nilitumbukiza shuka zenye damu kwenye maji ya moto, nikidhani moto ndio unaotakasa, na damu ikashika pale pale isitoke tena. Msimamizi, mzee wa kutoka mbali, alinionyesha kwamba damu huanza na maji baridi. Akaniambia niwe nauliza. Hakunigombeza, lakini mtu mwenye hofu hata upole anausikia kama karipio. Sikuuliza. Nilikuwa natazama mikono ya wenzangu kwa pembeni nikiiga.

Mvulana aliingia shule. Msichana, ambaye alikuwa hajafikia umri wa shule, nilimwachia mdogo wetu, nikawafungia mlango kwa kufuli na kwenda kazini. Nawaambia bila kuficha, sikuona njia nyingine. Nilikuwa nafua moyo ukiwa kwenye kufuli lile.

Basi siku moja baba mdogo alikuja mchana. Hakutuma habari, alikuja tu. Akakuta kufuli mlangoni na ndani mtoto analia.

Niliporudi nilimwona ameketi kwenye kigoda cha yule mama wa Tabaka, fimbo katikati ya magoti. Niliweka mikono nyuma kama mtoto wa shule nikamsalimu. Hakuitikia salamu. Akaniuliza, "Huyu mama amekuwa akimpa mtoto uji kupitia dirishani tangu mlipohamia. Ulikuwa unajua?"

Nikasema sikujua. Yule msichana wetu alikuwa hajaniambia; aliogopa nitamkataza.

"Ulimwomba?"

"Sikumwomba, baba."

Mama akadakia bila kuacha kusugua bakuli lake. "Aniombe? Huyu hata salamu hanipi. Mimi nampa mtoto, simpi yeye."

Baba mdogo akaniuliza kwa nini. Ikabidi niseme ukweli, kwamba nilikuwa nangoja majirani waje, kama nyumbani. Mama akaweka bakuli chini. Akasema, "Na sisi tulikuwa tunakungoja wewe. Hapa watu wanaingia na kutoka kila mwezi, mwanangu. Anayetaka kujulikana anapiga hodi."

Nilijua kinachofuata. Nikafungua mlango, nikaanza kukunja nguo za watoto, maana ahadi ni ahadi. Baba mdogo akanifuata mpaka mlangoni, akatazama chumba, kitanda kimetandikwa, sufuria zimesuguliwa. Akasema polepole, "Acha hizo nguo. Kosa ni langu. Binti hatumwi ugenini bila mtu wa kumtambulisha."

Ndugu zangu, yule mzee alinishika mkono, akamweka mdogo wetu begani, akanizungusha uwanja mzima mlango kwa mlango. Kila mlango alisema neno moja: "Huyu ni binti yangu. Baba yake alikuwa ndugu yangu. Hawa ni wadogo zake. Nawaachia ninyi." Jioni ile chumba chetu kilijaa watu mpaka hapakuwa na pa kukaa. Kesho yake watoto niliwaachia majirani, kufuli nikaliacha nyumbani, na kazini nikamwuliza yule msimamizi kila kitu nilichokuwa naogopa kuuliza, mpaka akauliza leo nimekula nini hata mdomo umefunguka.

Hatukutawanyika. Mvulana ni mwalimu. Msichana ameolewa huko huko Nyamira. Kitinda mimba yuko sekondari na ni mrefu kunishinda. Namshukuru Mungu, namshukuru baba mdogo aliyekuja kunichukulia watoto akanipa majirani, na namshukuru yule mama ambaye hakungoja salamu yangu ili amlishe mtoto.

Wewe mgeni, piga hodi, sema wewe ni nani, hutapungukiwa. Na sisi wenyeji tusikae ndani tukihesabu ni nani hajatusalimu. Kuna mama amehamia zile nyumba za nyuma ya kanisa, ana mtoto mgongoni. Jina lake silijui. Tukimaliza kuomba naenda kwake. Anayetaka tufuatane avae viatu mapema, maana leo sitangoja mtu.