Gundi Niliyoipaka Mwenyewe

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, mafundi wenzangu wa karakana ya ving'ora vya gesi, na wewe shemeji uliyekaa nyuma karibu na mlango: wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Leo ninastaafu, na nimesifiwa mpaka nikageuka kumtafuta anayesemwa.

Miaka thelathini na mmoja nimefundisha jambo moja. Ndani ya king'ora kuna punje ya oksidi ya bati, inapashwa moto muda wote. Oksijeni ya hewani hunata juu ya uso wake na kuuzuia umeme usipite vizuri. Ikija gesi ya sumu kutoka kwenye makaa, huiondoa oksijeni ile, umeme ukapita, king'ora kikalia. Kazi yote iko pale usoni.

Sasa nani alizoea kuziba vifuniko kwa gundi ya silikoni, ili vumbi lisiingie? Mimi. Mkanipongeza kwa unadhifu. Mvuke wa gundi ile ulinata juu ya punje na haukubanduka tena, gesi isiufikie uso wake. Na ukaguzi wa kila mwezi tuliufanyaje? Tulibonyeza kitufe, kikalia, tukasaini. Kitufe kinapima mlio tu, gesi hakiijui.

Mdogo wangu, mume wa shemeji huyu, alikuwa mwangalizi wa boila kiwandani, lile tangi la kuchemshia maji kwa makaa. Miaka tisa iliyopita alikutwa kitini amekufa, chai yake haijaguswa. Wachunguzi wakabonyeza kitufe, kikalia. Wakaandika kwamba alipuuza king'ora kwa sababu ya usingizi.

Wiki ileile nilikileta king'ora chake mezani kwangu, nikakipulizia gesi ya majaribio. Kimya. Nikafungua kifuniko, nikaiona gundi yangu, imepakwa vizuri kabisa. Nikanyamaza, nikamwacha shemeji yangu aambiwe kila mahali kwamba mumewe aliponzwa na uvivu. Niliogopa kupoteza kazi yangu, basi. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo.

Mheshimiwa, hiyo ngao ya heshima mliyoniandalia naomba irudi ofisini. Kuanzia kesho kila king'ora kipimwe kwa gesi yenyewe, na ripoti ile iandikwe upya, jina langu liwemo.

Shemeji, mumeo hakulala kazini. Hakuna kilicholia.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Shemeji, mimi nimemaliza. Sasa nakusikiliza wewe.