Kata Ambayo Mama Tekla Hakuionja

Mgeni rasmi, Bwana DC, Bwana Mganga uliyefuatana naye, wazee wetu, na nyie wanywaji mliojipanga huko nyuma mkiomba risala iishe upesi: wakubwa shikamooni, wadogo tulieni.

KARIBU TEMEKE

Sisi wanawake wapika pombe wa kilabu hiki tumefurahi mno kukuona umekaa chini ya bati jipya unalolifungua leo. Tumefagia tangu alfajiri. Nzi nao tumewafukuza, wakaondoka wale wasikivu tu.

TULIKOTOKA

Historia ya hapa ni mtu mmoja. Ni yule mama aliyekaa pembeni, kanga shingoni, anayetukodolea macho kwa sababu hakutaka atajwe. Ndiye Mama Tekla. Alikuja kutoka Mahenge na mumewe, kuli wa bandarini. Mume akafariki, akabaki na mtoto mgongoni na mtungi wa pombe ya mtama.

Siku hizo kila mmoja wetu alipika kwa kujificha vichakani, tukigombania wateja kama kuku. Yeye ndiye aliyetukusanya. Pombe ikiharibika huimwaga, hata ikiwa yake, hata ikiwa nyumbani hakuna unga. Walipokuja wanaume kumshawishi auze pombe ya moshi, alishika mwiko akawaambia, "Mie nauza kinywaji, siuzi upofu. Tokeni!" Wakatoka, mmoja kasahau kofia.

TUNAYOJIVUNIA

Hakuna aliyekunywa kwetu akaamkia kaburini. Bati hili tumelinunua wenyewe. Na Tekla, anayekusomea risala hii, ndiye yule mtoto wa mgongoni. Mtungi ule ule ndio uliompeleka shule. Bwana, mama huyu tunamwonea fahari, na leo tunalisema mbele yake apende asipende.

LINALOTUUMIZA

Kwetu mnywaji hapokei kata ya pombe, kile kifuu chenye mpini cha kunywea, mpaka aliyeipika aonje mbele yake, ajue haina sumu wala uchawi. Ndiyo desturi. Basi Mama Tekla ameonja kila kata aliyoiuza, miaka yote. Funda kwa huyu, funda kwa yule, mchana kutwa. Hakuna aliyewahi kumwona akiyumba.

Masika iliyopita macho yake yakawa manjano, miguu ikavimba, tumbo likajaa maji. Watu wakasema karogwa na wenye wivu. Sisi tukambeba mpaka hospitali kwa Bwana Mganga, naye akasema ni ini, tena limeharibiwa na pombe. Loo! Mama Tekla alikuja juu.

"Mie mlevi? Mie? Waulize hawa!"

Bwana Mganga akamjibu taratibu, "Mama, ini halijui kama kata ilikuwa yako au ya mteja."

Hata ule unene tuliokuwa tukimsifia, tukaambiwa nao umelitia ini mafuta. Chai yake ya sukari tele ikapigwa marufuku. Lakini Bwana Mganga alitupa na tumaini: akiacha pombe kabisa, asiguse hata tone, anaweza kupata nafuu. Asipoacha, tutamzika.

Aliacha. Tumbo likapungua, macho yakaanza kung'aa. Tatizo likawa wateja. Alionja akatema, mteja wake wa siku zote, Mzee Kasiani, akang'aka, "Unatema nini? Humo mna nini?" Mwenzetu Tunu akajitolea kumwonjea, wakamrudisha: "Kapika nani? Aonje aliyepika!" Wakaanza kuhamia kwingine, mmoja mmoja.

Juzi tukamkuta nyuma ya mitungi na mteja, kata mkononi, anafuta mdomo kwa upindo wa kanga. Tukamuuliza, akasema ni jasho. Macho yake yameanza tena kuwa manjano. Tulilia, Bwana, na tukamgombeza huku tukilia.

OMBI LETU

Wengine wangekuomba kisima au barabara. Vyote tunavihitaji, ila vinaweza kungoja. Mama Tekla hawezi.

Mbele yako ipo kata, imefunikwa kwa kawa. Pombe hiyo kaipika yeye kwa mkono wake, na hajaionja. Asubuhi alitaka kuionja. Alisema, "Mgeni ni mgeni, nitaonja leo tu." Tukamnyang'anya, tukamkalisha pale.

Tunakuomba uinywe. Mzee Kasiani yuko mstari wa mbele, hapepesi macho. Serikali ikinywa kata isiyoonjwa, atakayeikataa kesho hapa Temeke atasema nini?

Ila usisite, Bwana. Mkono wako ukikawia tu, Mama Tekla atanyanyuka. Tunamjua. Ataona haya kwa ajili yako, atakuja aishike kata hiyo, aonje. Tayari ameanza kufunga kanga kiunoni.

Tumemaliza kusoma. Funua kawa.

Mungu akujalie afya, safari njema, na ini zima.

Ni sisi wako,
Umoja wa Wanawake Wapika Pombe,
Temeke, 1953.