Washa Taa Kwanza: Maisha ya Baltazari Nyamhanga, Fundi Stata wa Bunda

Marehemu Baltazari Nyamhanga alizaliwa Kiriba tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa nne wa Mzee Gati na Mama Consolata. Alimaliza darasa la saba hapohapo mwaka 1977, akaenda Musoma kujifunza umeme wa magari kwa fundi Jabiri. Mwaka 1988 alifungua gereji yake Bunda, na stata korofi zikamfuata huko.

Tarehe 6 Oktoba 1990 alifunga ndoa Butiama na Flora Rhobi. Mama Flora alizoea kuwaambia wageni: "Huyu ukimwambiaga kichwa kinauma, anakuuliza kama taa zinawaka."

Swali hilo lilikuwa na chanzo. Mei 1997 pikapu iliyombeba Safina, mke wa Jumanne mwenye pikapu hiyo, akiwa na uchungu wa kujifungua, ilizima Bugwema. Ikipigwa stata inalia "ta", kisha kimya. Baltazari aliitwa, na kwa haraka akasema ni betri, akaagiza nyingine Bunda. Ilipofungwa, ikalia vilevile. Kumbe waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, ulikuwa umeliwa na kutu pale kwenye injini. Angewasha taa tu, zingemwonyesha kwamba betri ni nzima. Saa moja na nusu ilikuwa imekwenda. Safina alipona, mtoto hakupona. Jumanne hakumlaumu, hata gari aliendelea kumletea. Baltazari mwenyewe alijilaumu miaka karibu ishirini na minane, na gerejini kwake hakuna aliyegusa spana kabla ya kuwasha taa.

Moyo ulianza kumsumbua 2023. Asubuhi ya 3 Machi 2025 alibanwa kifua, akalazwa siti ya nyuma ya gari lake apelekwe hospitali Musoma. Gari likagoma. Majirani wakataka kusukuma, wengine wakakimbilia betri. Mwanawe Hilda, fundi aliyemfundisha mwenyewe, alishika ufunguo, akapiga stata.

"Taa?" marehemu akauliza kwa shida.

"Zinawaka, baba."

"Ukipiga, zinafifia?"

"Hapana. Kimya tu."

"Basi acha betri. Ingia chini."

Waya mdogo wa stata ulikuwa umechomoka. Hilda akaurudishia, gari likawaka. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangempoteza njiani.

Siku ya tisa hospitalini, Safina alifika kutoka Bugwema, akakaa kando ya kitanda. "Baba Hilda," akasema, "yule mtoto tulishamzika. Na hili lako lizike sasa." Marehemu akamshika mkono, hakuuachia hadi jioni. Alifariki tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Mama Flora, watoto watatu, Hilda, Gabriel na Bonifasi, wajukuu watano, na gereji, ambayo Hilda ataifungua Jumatatu.

Mungu ampumzishe, na lile la Bugwema lipumzike naye.