Milango Aliyobisha Norbert Dudek

Ndugu waombolezaji, kabla hatujaanza, hebu fumbeni macho kidogo mfikirie Mtaa wa Warsaw asubuhi ya kiangazi, akina mama wanaanika mashuka, wazee wameketi barazani na kahawa zao, kisha gari la Mkuu wa Polisi linaingia polepole, mashuka yanaachwa, kahawa inaachwa, mapazia yanafungwa nyumba hadi nyumba, na kila mmoja anaomba kimoyomoyo lisisimame kwake. Ndani ya gari hilo yumo Norbert, na mapazia yote anayaona.

Norbert Stefan Dudek alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 hapa Corliss Harbor, Ohio, mtoto wa kwanza wa Mzee Kazimir Dudek, fundi wa tanuru katika kiwanda cha chuma, na Bi. Helen. Alisoma shule ya parokia, akamaliza sekondari Juni 1966, akatumikia jeshi kwa miaka miwili, akarudi na maneno machache kuliko aliyoondoka nayo, na tarehe 1 Juni 1970 akaajiriwa kuwa askari wa doria. Alipanda kuwa sajini mwaka 1979, kapteni mwaka 1988, na tarehe 5 Januari 1996 akaapishwa kuwa Mkuu wa Polisi wa mji huu, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2013.

Tarehe 22 Septemba 1973 alifunga ndoa na Arlene Hruska, karani wa maktaba, mwanamke aliyecheka kwa ajili ya wote wawili, na tarehe 4 Mei 1977 Mungu akawajalia mtoto wao wa pekee, Corinne.

Mwaka 1981 mama mmoja wa mji huu aliarifiwa kwa simu kwamba mwanawe amekufa, akaanguka jikoni, akalala sakafuni peke yake hadi jioni, na sajini aliyemkuta alikuwa Norbert. Tangu siku hiyo alijiwekea utaratibu, na alipopata madaraka akaufanya kuwa wa kikosi kizima: habari ya kifo haipelekwi kwa simu, unakwenda mwenyewe, unavua kofia kabla ya kubisha, unauliza jina ili usikosee mtu, unataja jina lako na cheo chako, unasema “amekufa” bila kulizungusha neno, kisha unabaki umesimama mpaka ndugu wa mfiwa afike. Hata alipokuwa Mkuu hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo, na milango aliyoibisha ilizidi mia mbili.

Watu walimheshimu, lakini hawakutaka kumwona. Kinyozi alimtania, “Chifu, kama umenijia mimi, mwambie mke wangu sipo,” wateja wakacheka, kisha wakanyamaza mpaka alipotoka. Ijumaa za Kwaresima, tulipokula samaki katika ukumbi huu, alikaa mwisho wa meza na viti vya kando yake vikabaki vitupu, na dada yake Loretta alipomuuliza kwa nini hasogei kwa wenzake, alijibu, “Waache wale, Lori. Wakiniona mimi wanamwona yule waliyemzika.”

Tarehe 11 Oktoba 2003, saa nne na dakika arobaini asubuhi, Arlene aligongwa na lori njiani akielekea sokoni, akafa papo hapo. Norbert aliipata habari kwenye redio ya gari, akaendesha maili ishirini na sita hadi nyumbani kwa Corinne, akavua kofia, akabisha. Corinne alimwona kupitia kioo cha mlango, akasema, “Baba, vaa kofia. Nakuomba, vaa kofia yako.” Naye, kwa sababu hakujua njia nyingine, akamuuliza binti yake, “Wewe ndiye Corinne Dudek?” akataja jina lake na cheo chake, akasema neno lile, kisha akasimama karibu na mlango saa mbili nzima, akisubiri ndugu wa mfiwa afike. Ndugu aliyefika ni Loretta, na Corinne akamwambia, “Shangazi, mtoe huyu polisi nyumbani kwangu.”

Miaka kumi na mitano ilipita bila baba na mtoto kusemezana. Kila Krismasi Norbert aliandika kadi, akaifunga, akaiweka kwenye droo, na kila Loretta alipomsihi aende tu, alisema, “Nikibisha mimi, atadhani nani amekufa?”

Tarehe 12 Februari 2019 madaktari waligundua saratani ya kongosho, wakampa miezi michache. Mwezi Machi, Jumamosi moja asubuhi, alikwenda akaegesha gari mbele ya nyumba ya Corinne, akakaa ndani yake kwa muda wa saa tatu, hakushuka, akarudi nyumbani. Jumamosi iliyofuata akaenda tena, na ya tatu, na ya nne, ambapo Corinne alitoka na koti la nyumbani, akagonga kioo cha gari.

“Majirani wanasema unavizia mwizi,” alisema. “Nani amekufa safari hii?”

“Hakuna,” alijibu Norbert. “Ni zamu yangu, ila bado.”

Corinne akafungua mlango wa gari, akasema, “Shuka basi, Baba. Supu inapoa.”

Alishuka, na hakurudi kuishi kwake tena. Alikaa kwa binti yake majuma kumi na moja, wakigombana juu ya chumvi na besiboli, hadi alipofariki tarehe 18 Juni 2019, saa tisa alasiri, Corinne akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtuliza maumivu, majirani wa Corinne walioacha vyakula mlangoni, na askari wenzake, hasa Kapteni Duane Pickett, aliyekuja kila Jumanne kumnyoa ndevu.

Norbert, kaka yetu, umesimama vya kutosha, sasa lala utulie. Nanyi mliokuja, mtakayoyasahau yasahauni, ila tunawaomba mkumbuke jambo moja: Jumamosi ya kwanza mlango haukufunguliwa, na Jumamosi ya pili alikwenda tena.