Mapenzi Huchanja

Saa mbili kasorobo asubuhi, siku ya Alhamisi, mkokoteni wa Morris uliingia kiwanjani Kibokoni ukiwa na magogo manne ya mwembe. Hakuna aliyetoka kumtukana.

Kwa hilo Morris alijua kuna jambo.

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe nanyi. Saa hii ni ya Mapenzi Baya, mchanja kuni wa Kibokoni. Alifariki usiku wa kuamkia Alhamisi hiyo, katika chumba chake kilicho pembeni mwa kiwanja. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Daktari aliandika kuwa ni moyo. Mtaani wamesema mengine. Hayo hatuyasomi hapa.

Morris ametuambia: "Kila nikifika alinipokea vivyo hivyo. 'We Morris, umeniletea magogo au vijiti vya kuchokolea meno?' Siku ile kimya. Nikatua mkokoteni, nikaanza kuogopa."

Jina lake lilikuwa Mapenzi. Tabia yake haikuwa hiyo. Binti yake, Joy, anayefanya kazi bandarini, alituonya kabla hatujawasha kinasa sauti. "Msije mkamgeuza malaika redioni," alisema. "Mama alikuwa mkali. Jina alipewa kabla hajajua kusema."

Alizaliwa upande wa Kaloleni. Alikuja Mombasa akiwa mke wa Kazungu, mtu aliyechanja kuni kwenye kiwanja hicho hicho. Wapishi wa biriani walimtegemea Kazungu. Wenye tanuri za mikate walimtegemea. Mwanzoni Mapenzi alipanga kuni tu. Kisha mgongo wa mumewe ukaanza kumsaliti, naye akashika shoka. Alilishika mumewe akiwa hai, na mumewe ndiye aliyemfundisha. Tunalisema hili wazi kwa sababu baadaye haki yake ya kulishika ilipingwa: Kazungu ndiye aliyemfundisha.

Lile halikuwa shoka la kukatia mti. Lilikuwa la kupasulia, kichwa chake kinene kama nyundo, makali yake butu kiasi. Na gogo kubwa, wasikilizaji, halipigwi katikati. Anayelipiga katikati, shoka humezwa, naye hubaki ameshika mpini kama mtu anayepeana mkono na ukuta. Mapenzi alianzia kingoni. Alitafuta ufa uliofunguliwa na jua, akapiga hapo, kipande kikabanduka. Akalizunguka gogo, akalimenya pande zote, hadi likabaki moyo tu. Moyo ndio aliupasua mwisho. Penye fundo alitia kabari ya chuma. Magogo aliyasimamisha ndani ya tairi kuukuu la lori, ili vipande visiruke ovyo na kuvunja miguu ya watu.

"Shoka halitaki nguvu zako," alikuwa akimwambia Joy. "Lataka uliinue, kisha ulipishe."

Kazungu alipofariki, matanga yalianuliwa. Siku ya pili yake alikuja Ngowa. Ngowa ni mdogo wake Kazungu, shemeji yake Mapenzi. Alikuja kudai urithi kwa mila za kwao: shoka, kiwanja, na mjane.

Joy alikuwepo. Anayakumbuka maneno.

"Vyote vilikuwa vya ndugu yangu," Ngowa alisema. "Shoka, kiwanja, nawe."

"Shoka utalipata," Mapenzi alijibu. "Chagua: mpini au makali?"

Ngowa aliondoka bila kuchagua. Uadui ulianza hapo. Haukuisha.

Kiwanja si cha Ngowa wala si cha Mapenzi. Ni cha familia moja inayoishi Kizingo. Mapatano ya familia hiyo na Kazungu yalikuwa ya mdomo, nayo yalikuwa rahisi: anayechanja kuni pale ndiye anayekaa pale. Kazi ikifa, kiwanja kinarudi, na ndugu wa Kazungu wanaweza kukiomba. Tunarudia, kwa kuwa hapa ndipo penye kisa chote. Mapenzi angekosa wateja, angekosa kiwanja. Angekosa kiwanja, Ngowa angekipata. Ngowa alitaka kuuza makaa hapo.

Kwa miaka walirushiana maneno tu. Ngowa akipita, alimwuliza kama ameshaota ndevu. Mapenzi alimjibu kuwa akiota atampa yeye, maana zake hazijafika. Watu walicheka, kisha wakazoea.

Mwaka huu, msimu wa masika, Ngowa alibadili silaha. Aliacha matusi, akachukua neno moja.

Wenyeji wa mji huu wanalijua neno hilo kwa maana zake zote. Kuchanja ni kupasua kuni. Kuchanja ni kudunga sindano ya chanjo. Na kuchanja ni kumkata mtu chale kwa wembe, na kumpaka dawa penye chale. Maana hiyo ya tatu, katika pwani yetu, ikigusana na mwanamke mjane mwenye macho mekundu, huweza kumfikisha kaburini. Mapenzi alikuwa mjane. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa vumbi la magogo.

Ngowa alikwenda baraza kwa baraza. Alifika mpaka Buxton, kwa wapangaji waliotoka bara. Hakumtaja mchawi. Hakumtaja mganga. Alisema maneno haya tu: "Shemeji yangu huchanja. Huchanja hata baada ya magharibi." Kisha alinyamaza, akashika shavu.

Mtoto wa Buxton alipata homa. Mama yake, Nanjala, alikuwa amelisikia neno hilo juma lilelile. Nanjala ametueleza bila kujificha. "Kwetu kuchanja ni ule wembe. Mtoto anawaka moto, na mimi nimeambiwa kuna mama anachanja usiku. Nilisema kwa majirani. Ndiyo, nilisema." Hospitali ilikuta malaria. Mtoto alipona. Neno halikupona.

Mawe yalirushwa kiwanjani. Wapishi wakaanza kupungua. Wa kwanza kuacha kununua kuni za Mapenzi alikuwa Bi Rafiya, mpishi wa biriani za harusi, mteja mkubwa kuliko wote, aliyezinunua tangu enzi za Kazungu. Hakusema sababu. Aliacha tu kutuma mtu. Bi Rafiya alipoacha, wengine walimfuata.

Kisha ukaja mpini. Asubuhi moja Mapenzi aliinua shoka, na mpini ukavunjika angani. Kichwa cha shoka kilimpita sikioni, kikatoboa bati la jirani. Morris aliuokota mpini. Nusu ya unene wake ilikuwa imekatwa kwa msumeno, na mkato umezibwa kwa nta na vumbi. Nani aliukata? Haijulikani. Ngowa alikana. Tunarudia: alikana, na hakuna shahidi.

Siku hiyo Mapenzi alikwenda mwenyewe kwa naibu chifu.

Naibu chifu huyo, Joab, ni mtu wa bara, na wakati huo alikuwa na miezi michache tu Mombasa. Malalamiko juu ya Mapenzi yalikuwa yameshamfikia, naye aliyaelewa kwa namna yake. Aliitisha kikao. Ngowa aliitwa. Majirani walijaa mpaka mlangoni. Tulichopewa na watu watatu waliokuwa ndani kinafanana, kwa hiyo tunakisoma.

Joab alianza na Mapenzi. "Mama, una kibali cha kuchanja?"

"Kibali cha nni?"

"Chanjo si mchezo. Serikali ina utaratibu. Hizo sindano unazitoa wapi?"

"Mwanangu," Mapenzi alisema, "mimi nachanja kwa shoka."

Joab aliweka kalamu mezani. Ukumbi uliangua kicheko, naye alisubiri kiishe. Aliomba aelezwe, akaelezwa, maana moja baada ya nyingine. Kisha alimgeukia Ngowa.

"Wewe ulisema nini hasa?"

"Mheshimiwa, nilisema shemeji yangu huchanja. Kwani hachanji?"

"Na baada ya magharibi?"

"Harusi zikiwa nyingi huchanja hata baada ya magharibi. Mwulizeni mwenyewe kama nimezua."

"Hajazua," Mapenzi alisema. "Malizia, shemeji."

"Nimalizie nini?"

"Huchanja nni?"

Ngowa aliwatazama watu. Akisema watu, angetakiwa kumleta mmoja mwenye chale. Akisema kuni, kazi yake yote ya masika ingepotea. Joab alimwuliza kama amekuwa bubu.

"Kuni," Ngowa alisema, kama mtu anayetema kokwa.

Joab alitaka wapeane mikono. Mapenzi alikataa. "Mkono wake sina haja nao. Kila mlango alipoliacha neno nusu, akalimalizie. Asiongeze, asipunguze. Aseme: Mapenzi huchanja kuni."

Joab alikubali. Pengine aliona ni adhabu nyepesi. Haikuwa nyepesi.

Mzunguko wa milango ulianza juma hilo. Ngowa alitangulia. Mapenzi alimfuata nyuma, shoka lenye mpini mpya begani.

"Shoka la nini?" Ngowa aliuliza.

"Mkongojo. Nimezeeka."

Kibokoni watu walisimama milangoni kutazama. Ngowa alibisha hodi, akasema maneno yake matatu, akageuka. Buxton alimkuta Nanjala anafua. "Mapenzi huchanja kuni," alimwambia. Nanjala aliacha nguo majini, akamwomba Mapenzi msamaha. Mapenzi alimwuliza kama mtoto anakula. Akajibiwa anakula. "Basi," alisema, akaondoka. Huo ndio upole pekee tulioweza kuuthibitisha katika mzunguko wote.

Wateja walirudi kidogo kidogo. Si wote. Bi Rafiya hakurudi. Mlango wake ulikuwa wa mwisho. Walibisha hodi mara mbili, siku mbili tofauti, na mara zote mbili haukufunguliwa, ingawa redio ilikuwa ikilia ndani na masufuria yakigongana.

Ngowa alisema imetosha. Mapenzi alisema haijatosha. "Huyo ndiye aliyeanza kuniacha. Yeye asipolisikia lote, mji haujalisikia. Tutarudi Ijumaa."

Usiku wa Jumatano Mapenzi alifariki.

Hapa, wasikilizaji wapendwa, tunatoa rambirambi zetu, kwa sababu baada ya tukio linalofuata hatuna la kuongeza. Pole kwa Joy. Pole kwa ukoo wa Baya, Kaloleni. Pole kwa Morris, aliyetukanwa kila asubuhi na sasa hajui aanze siku vipi. Pole kwa Ngowa pia, maana naye ni mfiwa, atake asitake. Nawe msikilizaji uliyekaa barazani juma hili, yapo maneno uliyoyakata kwa makusudi ili mwingine ayamalizie vibaya. Unaijua milango ulikoyaacha. Itafakari mwenyewe. Sisi hatutakufuata na shoka.

Mapenzi alizikwa Jumamosi, kwao Kaloleni. Ngowa alihudhuria. Alisimama nyuma, akatupa udongo wake. Walipokuwa wakirudi Mombasa alimwambia Joy kuwa jambo lile limekwisha. "Mwenye neno amekufa. Neno nalo life."

"Baba mdogo," Joy alimjibu, "neno halikuwa la mama. Lilikuwa lako, nawe uko hai."

"Na nikikataa?"

"Kizingo nimeshawaambia kuwa nachukua kazi ya mama, asubuhi kabla ya bandari na Jumamosi. Kiwanja hukipati. Sasa chagua kama wataka kukikosa ukiwa umenyamaza, au ukiwa umemaliza."

Ngowa alimwambia ameurithi ulimi wa mamake. Joy alisema ndiyo, na urithi huo hauna mgawanyo.

Jumapili, baada ya sala ya alasiri, walifika kwa Bi Rafiya. Joy hakubeba kitu. Ngowa alibisha hodi. Safari hii mlango ulifunguliwa.

Bi Rafiya alikuwa amejitanda leso, mikono ina unga. Alimtazama Joy kwanza. "Poleni kwa msiba," alisema. Kisha akamtazama Ngowa, akangoja.

"Mapenzi huchanja kuni," Ngowa alisema.

"Najua."

"Umejua lini?" Joy aliuliza.

"Mwanangu, mimi mzaliwa wa hapa. Mamako amenichanjia kuni miaka yote hii. Nilijua siku ile ile huyu alipokaa hapo barazani akalisema. Lakini wenye harusi walikuwa hawalijui, nao ndio wanaonipa kazi."

Joy alimwuliza kwa nini basi hakufungua zile siku mbili.

"Nimfungulie nimwambie nni?" Bi Rafiya alisema.

Kisha alirudi ndani. Alifunga mlango.