Mirihi Haikurudi Nyuma

Apewe sifa Yeye aliyezipa nyota njia zake, ndugu zangu. Nianzie Bariadi, asubuhi moja ya msimu wa pamba. Nilitoka chumbani kutafuta chai, nikakuta lori limesheheni pamba, linaelekea Maswa. Utingo akaniambia, "Kaka, unapanda au unashangaa?" Nikapanda. Sikuwa na begi, sikuwa na mpango. Nilikuwa navunja katazo.

Katazo lenyewe lilikuwa hili. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani zao, mitumba na redio za kaseti zikajaa sokoni, na mtabiri wa nyota naye akapanga chumba karibu na soko. Mimi nilikuwa nimemchumbia Kabula, binti wa Nyalikungu kule Maswa, na nilitakiwa kwenda kujitambulisha kwa baba yake. Kabla ya safari nikaingia kwa mtabiri. Akaniambia, "Nyota yako ni Mirihi, na sasa inarudi nyuma. Ukianza safari ya ndoa wakati huu, na ndoa itarudi nyuma."

Ndugu zangu, mimi niliacha shule darasa la tano na nimetangatanga sana, lakini simezi neno bila kulitafuna. Usiku nikatoka uani kuitazama ile nyota nyekundu. Nikavifanya alama vinyota viwili vilivyo karibu nayo. Mwanzoni ilikuwa imevipita. Majuma yakaenda, ikavirudia, ikaviacha upande wa pili. Ilikuwa inarudi kweli!

Hapo ndipo niliponaswa. Uongo mtupu ningeucheka. Huu ulikuwa umefungwa ndani ya jambo nililoliona kwa macho yangu. Nikaahirisha safari. Nikaahirisha tena. Kabula akamtuma mfanyabiashara mmoja aniletee maneno yake: "Mwambie sikuchumbiwa na Mirihi, nimechumbiwa na yeye. Na baba amesema pamba ikiisha shambani, atapokea ng'ombe wa mtu mwingine."

Basi nikawa juu ya lori, nimeshika kamba ya turubai, naogopa kila kona. Mbele yetu kulikuwa na tela linalokokotwa na ng'ombe, mama mmoja akiwaswaga. Mbali, ng'ambo ya mashamba, kilisimama kilima cha majabali. Tulipoanza kulipita lile tela, sijui kwa nini, sikuondoa macho. Nikaliona likiwa usawa wa jabali la mbele. Kisha likateleza nyuma, usawa wa jabali la katikati. Kisha la nyuma kabisa. Lakini miguu ya ng'ombe ilikuwa inapiga hatua mbele, moja baada ya nyingine, wala haikusita.

Nikamkumbuka mwalimu wangu wa darasa la nne na chaki yake: jua katikati, dunia ikilizunguka, na Mirihi kwenye njia ya nje, ikienda polepole kuliko sisi. Mirihi hairudi. Sisi ndio tunaipita! Dunia yote ni lori, ndugu zangu. Bariadi na stendi yake, kijiji cha Sapiwi na mifugo yake, wote tumepakiwa, tunakimbizwa angani, na hakuna hata chai inayomwagika kikombeni. Nani anaendesha kwa utulivu namna hiyo? Nilivua kofia yangu juu ya pamba ile.

Na kama ni kupitana tu barabarani, kunahusu nini ndoa yangu?

Karibu na Maswa lori likapata pancha, na tairi la akiba halikuwepo. Tukashuka. Jua lilikuwa limeshapinda wakati lile tela lilipotufikia.

"Mwadila, mama," nikasalimia.

"Mwadila. Mlinilisha vumbi, sasa mmekaa?"

"Mama, nilipokuwa kule juu nilikuona unarudi nyuma."

Akanitazama kama anayetazama mgonjwa. "Nirudi nyuma nifuate nini, na nyumbani ni mbele?"

Akaniuliza ninakwenda kwa nani. Nilipotaja jina la baba yake Kabula, alicheka mpaka akashika mgongo wa ng'ombe. "Kumbe ndiwe yule anayezuiwa na nyota! Nyalikungu nzima inakujua. Na unakwenda peke yako, bila mtu wa kukusemea? Mzee yule atakuacha mlangoni. Panda."

Ndugu zangu, niliingia Nyalikungu juu ya tela lilelile lililokuwa "linarudi nyuma". Huyo mama, Mama Limi, alitangulia kubisha hodi. Baba mkwe akauliza, "Nyota imekuruhusu?"

"Baba, haikuwahi kunikataza. Nilijikataza mwenyewe."

Halafu akamgeukia Mama Limi. "Ni mwiko mkwe kulala kwangu. Mlaze kwako. Kesho asubuhi mlete, tuzungumze habari za ng'ombe." Nyuma ya pazia nikasikia Kabula akicheka.

Mama Limi alinipa kibanda kando ya ghala lake, kitanda cha kamba na magunia ya pamba kuwa godoro. Jioni ikaingia. Nikasimama mlangoni, na Mirihi ikachomoza mashariki, nyekundu, nzuri, ikienda zake. Kwa mara ya kwanza niliitazama bila kuiomba kitu.

Namshukuru Bwana aliyenifundisha kwa tela la ng'ombe. Nawe uliyezuiliwa safari, mtoto au kazi kwa sababu ya nyota, usiiogope taa, mtumaini aliyeiwasha. Nyumbani ni mbele. Mimi usiku ule nilifunga mlango nikalala.